Manjano ya michungwa: njaa ya udongo au ugonjwa?

SWALI: Nina michungwa 40 ya miaka sita huko Sironko, mashariki mwa Uganda. Baadhi ya miti imeota majani ya manjano kwenye tawi moja moja tu, na nimeweka yurea mara mbili bila mafanikio. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu, yurea huleta naitrojeni peke yake, na mti wenye njaa ya naitrojeni huanza kugeuka manjano kwenye majani yaliyokomaa, jani zima kwa rangi moja, na kwa kawaida matawi yote hushiriki. Hilo la tawi moja moja ndilo linalonitia wasiwasi, kwa hiyo naomba usinunue mbolea nyingine kabla ya kuyachunguza majani yenyewe.

Chuma jani lililokomaa kutoka kwenye tawi hilo, kisha uchore kwa kalamu miduara miwili inayotazamana, mmoja kila upande wa mshipa mkuu. Rangi ndani ya miduara zikilingana pande zote mbili, mti una njaa: kijani kikibaki kama pembetatu kwenye kitako cha jani, kinachopungua ni magnesiamu; majani machanga yakiwa madogo, membamba na ya manjano katikati ya mishipa, ni zinki, ambayo hutibiwa kwa kunyunyizia gramu 100 za salfeti ya zinki na gramu 50 za chokaa katika lita 20 za maji.

Mabaka ya manjano yasipolingana pande hizo mbili, na matunda yakawa madogo yaliyopinda upande mmoja, shuku ugonjwa wa bakteria uitwao griningi. Hapa Afrika huenezwa hasa na mdudu mdogo sana, Trioza erytreae, apendaye nyanda za juu zenye ubaridi kama miteremko ya Mlima Elgon; makinda yake huacha vivimbe juu ya majani machanga. Jihadhari, kwa kuwa mti mgonjwa huweza pia kuonyesha dalili za upungufu wa zinki, na wakulima wengi hupoteza msimu mzima hapo wakinyunyizia zinki.

Griningi haina dawa ya kuponya. Mwite afisa kilimo athibitishe, na akithibitisha, upulizie mti dawa ya wadudu kwanza ili wasihamie miti ya jirani, ndipo uung'oe. Najua inauma kung'oa mti wa miaka sita unaozaa, lakini ukiuacha utakuwa chanzo cha maambukizi kwa ile mingine. Wakati wa kupanda upya, nunua miche iliyobebeshwa kwa vikonyo (vipande vya tawi vyenye macho) vya miti iliyopimwa, wala usichukue vikonyo kutoka shambani mwako.