Eksirei imesema mzima, mkono bado unauma

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni kipa wa ndondo huku Tanga, nina miaka 24. Jumapili ya wiki iliyopita niliruka kudaka krosi nikadondokea mkono wa kulia, kiganja kikatangulia chini, nikasikia kitu kama kimelia kwa ndani ila nikakomaa mpaka mpira ukaisha. Usiku sikulala. Kesho yake nikaenda hospitali wakanipiga eksirei wakasema hakuna mfupa uliovunjika ni mshtuko tu, wakanipa diklofenaki na bandeji. Leo siku ya tisa, uvimbe umepungua ila nikizungusha funguo mlangoni maumivu yanapiga upande wa gumba. Mama anataka anipeleke kwa mzee anayechua viungo, washkaji wanasema nikapige MRI, mwingine ananiambia siti skani ndo kiboko. Nipige ipi? Na hela sina nyingi.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza mwambie mama namheshimu sana lakini kwa mzee usiende, sio sasa. Kama huo mfupa una ufa, kuuvuta na kuuchua ndo kuufungua zaidi.

Kabla hatujafika kwenye mashine fanya kitu hapohapo ulipokaa. Inua gumba juu kabisa kama unampa mtu dole. Kwenye shina la gumba zitatokeza kano mbili kama kamba, na katikati yake panajitengeneza kishimo. Bonyeza hapo taratibu, halafu bonyeza palepale kwenye mkono mzima ulinganishe. Kisha geuza kiganja juu, bonyeza kile kinundu kilichopo chini ya gumba pale kiganja kinapoanzia. Mwisho shika gumba lenyewe ulisukume kuelekea kwenye kifundo cha mkono kama unaligonga ndani. Kama sehemu zote tatu zinauma upande mmoja na mwingine haziumi, mi nakuchukulia una ufa kwenye skafoidi mpaka picha nzuri iseme vinginevyo, hata kama ile eksirei ya kwanza ilikuwa safi.

Skafoidi ni kamfupa ka ukubwa na umbo la korosho hivi, kako upande wa gumba, ni kamoja kati ya vile vifupa 8 vidogo vya kifundo cha mkono na ndo kanakovunjika kuliko vyote, hasa kwa vijana wanaodondokea kiganja kama ulivyodondoka wewe. Shida yake iko kwenye damu. Mishipa mingi inaingilia upande wa vidole halafu inarudi nyuma kuelekea upande wa kiwiko, yaani ni kama bomba la maji lililoanzia nyumba ya mwisho ya mtaa ndo likarudi kulisha za mwanzo, likikatika katikati, nyumba za mwanzo zinakauka. Kwa hiyo kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa, au mfupa ukakataa kuunga, na miaka kadhaa mbele kifundo kizima kinaanza kusagika. Nimeona vijana wanakuja baada ya mwaka mzima wanasema "nilitegua tu dokta", mkono hauwezi hata kunyanyua ndoo ya maji, na kinachoniuma ni kwamba wengi wao walienda hospitali siku ya kwanza kabisa kama wewe.

Sasa kwanini eksirei haikuona? Sio lazima aliyekupiga picha alikosea. Ufa ukiwa mwembamba kama unywele na vipande havijasogea, na vifupa vingine vimelaliana juu yake, siku za mwanzo hauonekani. Katika skafoidi zilizovunjika, karibu moja kwa kila tano inaweza kupita kwenye picha ya kwanza bila kuonekana. Baada ya siku 10 mpaka 14 mwili unakuwa umeanza kula kingo za ule ufa na mstari ndo unajitokeza. Halafu kuna jambo dogo ambalo watu hawalizungumzii, ile karatasi ya kuombea picha. Ikiandikwa "mkono" peke yake utapigwa mbili za kawaida, usoni na ubavuni, basi. Ikiandikwa skafoidi, unapigwa na zile za ziada ikiwemo ile unayokunja kifundo kuelekea kidole kidogo ili kamfupa kanyooke kaonekane kote. Kwa hiyo ukirudi omba kwa adabu tu daktari aandike skafoidi, ni haki yako na haiongezi shida yoyote.

Kuhusu washkaji zako, aliyesema MRI yuko sahihi zaidi kwa hatua uliyopo. MRI, ile mashine inayopiga picha kwa sumaku, inaona maji na damu iliyovuja ndani ya mfupa, kwa hiyo inaukamata ufa ndani ya siku chache tu toka uanguke, na inaona kano zilizochanika ambazo eksirei haizioni kabisa, haina mionzi na kwa kazi hii kwa kawaida huhitaji kuchomwa dawa ya mshipani. Uingereza mwongozo wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, wa mwaka 2016 unashauri madaktari wafikirie MRI kama picha ya kwanza kabisa mtu akishukiwa skafoidi. Ila kwao na kwetu sio sawa, huku mashine ziko hospitali chache na bei inauma.

Siti skani nayo nzuri, ila kazi yake hasa nyingine. Inaonesha ganda la nje la mfupa vizuri sana, inakwambia vipande vimeachana kiasi gani, kama inabidi upasuaji na kuweka skrubu, na baadaye kama mfupa umeunga kweli. Ufa ulioko ndani tu ambao haujafika kwenye ganda unaweza ukaipita. Ultrasound usiitegemee kukuhakikishia kwamba mfupa huu hauna ufa, inategemea sana mkono wa anayepima.

Kwa hiyo kwa mtu mwenye hela ya mawazo mi nashauri hivi. Leo au kesho nenda kwa daktari wa mifupa, ufungwe hogo au kifaa cha kutuliza kifundo, hata kabla ya picha, maana hogo la wiki moja lisilo na kazi halikudhuru kitu ila ufa usiotulizwa unakudhuru maisha. Rudia eksirei za skafoidi siku ya 12 au 14 hivi, gharama yake ndogo. Zikionesha ufa, tunajua. Zikiwa safi na kishimo hakiumi tena, unaanza mazoezi taratibu. Zikiwa safi na bado kinauma, hapo ndo hela ya MRI itafutwe hata kwa kuchangishana na timu, usiiache. Kama bima yako inalipia MRI usisubiri hizo wiki mbili, piga sasa. Na kama unavuta sigara acha kipindi hiki, inachelewesha mfupa kuunga. Golini usikae.

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 67 kateleza bafuni, kifundo cha mkono kimepinda kama uma. Tumeambiwa eksirei tu, tudai MRI?

JIBU: Hapana dada, msidai. Huo upindaji tayari unasema mfupa mkubwa wa upande wa gumba umekatika karibu na kifundo, na eksirei ya usoni na ubavuni inauona vizuri kabisa. Watamvuta kunyoosha, watafunga, halafu lazima wapige nyingine kuona umekaa, hiyo ya pili ndo mkumbushe kama wamesahau. Siti skani inakuja tu kama ufa umeingia kwenye kiungo na kuna vipande vipande. Mvue pete sasa hivi kabla vidole havijavimba, na akisema vidole vinakufa ganzi au vinabadilika rangi mrudisheni usiku huohuo. Mkono ukishapona muulizeni daktari kuhusu kupima uimara wa mifupa yake, mama wa umri huo akivunjika kwa kuteleza tu inabidi tujue kama mifupa imekonda.

SWALI: Nina mimba ya miezi minne, nimeanguka kwenye bodaboda mkono unauma sana ila naogopa eksirei itamdhuru mtoto.

JIBU: Mama kijacho, kapige. Mionzi inaelekezwa kwenye kifundo na tumbo liko mbali nayo, na picha moja ya mkono ina mionzi kidogo kuliko ile ya asili tunayoipata sote kwa siku moja. Waambie tu una mimba kabla hujaingia, watakukalisha tumbo likae pembeni na mashine. Ila kwa kuwa ulianguka na bodaboda, kabla ya mkono pita kwanza wakusikilize mapigo ya mtoto, na kama kuna damu au maji yanatoka au tumbo linakaza, huo mkono usubiri.