Mgongo wazi: matone ya mwezi wa tano yanaziba nini?

SWALI: Daktari, mwanangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi. Nimesoma kuwa ngozi na ugwe wa mgongo vina asili moja tumboni, ni kweli? Natafuta mimba nyingine, na kuna mtu anauza matone ya kukuza mishipa ya fahamu ya mtoto. Ananiambia nianze mimba ikifika miezi mitano. Niyatumie? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ni kweli, mama. Kiinitete (mtoto angali mchanga kabisa tumboni) cha wiki ya tatu kina matabaka matatu, na ngozi, ubongo na ugwe wa mgongo vyote hutoka kwenye tabaka la nje. Katikati tabaka hilo hubonyea likawa mfereji, kingo zikainuka, zikakutana na kuwa mrija, ambao ndio ubongo na ugwe wa mgongo wa baadaye, kisha ngozi ikaufunika. Mrija usipofungika mahali, mifupa na ngozi ya hapo navyo hubaki wazi. (Seli za kwenye kingo husambaa mwilini, nyingine huwa neva za hisia, nyingine ndizo zinazotia ngozi rangi.)

Sasa hayo matone. Mrija humaliza kufungika siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe. Hapo hedhi imechelewa wiki mbili tu, na wengi hata hawajapima. Huyo muuzaji wa mwezi wa tano anaziba nini? Kila wiki naletewa chupa za namna hii kliniki, na nimechoka kuzijadili.

Kinachosaidia ni asidi ya foliki (aina ya vitamini B), tena kabla ya mimba. Utafiti wa mwaka 1991 kwa kina mama waliowahi kuzaa mtoto kama wako ulionyesha kuwa miligramu 4 kwa siku hupunguza hatari kwa takriban asilimia 72. Hupunguza, haifuti. Wanawake wasiowahi kuzaa mtoto wa hivyo hutosha na miligramu 0.4; wewe mwone daktari akuandikie dozi kubwa angalau mwezi mmoja kabla, uendelee hadi wiki ya 12. Usilundike vidonge vya FEFO (vyenye madini chuma na asidi ya foliki pamoja) ili ufikishe kiwango hicho, maana utajijaza madini chuma. Kama unatumia dawa ya kifafa, sema mapema, ila usiiache mwenyewe.

Na wale wanaokitumbua kama jipu kifuko kinachotokeza mgongoni mwa mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, au kukichoma kwa dawa, wanamfungulia mtoto njia ya homa ya uti wa mgongo. Kifunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, mtoto alazwe kifudifudi, apelekwe kwenye hospitali ya upasuaji siku hiyo hiyo.