Sosholojia iwe somo kuu au la pili? Barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, ila joto la Kaskazi halijatuonea huruma.

Waniuliza kama sosholojia, hiyo elimu ya jamii, uifanye somo kuu, au uiweke ya pili nyuma ya uchumi kama anavyotaka ami yako, anayedai ni elimu ya kupiga soga barazani kisha ukapewa digrii.

Ami yako hajapata kubisha hodi kwa watu na maswali ya serikali mkononi. Mimi nimebisha. Mwaka 2019, sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, nilikuwa karani huku Mji wa Kale, Mombasa. Mafunzoni tuliambiwa kaya ni watu wanaoishi pamoja, wapikao pamoja na wenye mkuu mmoja. Maneno mepesi hayo, mpaka uingie nyumba ya ghorofa Kibokoni. Nyumba ni ya bibi, kairithi kwa babake. Mwanawe yuko Oman, ndiye atumaye pesa za matumizi. Mkewe ndiye ashikaye funguo za kabati na kuamua kipikwe nini. Chini yuko binti aliyeachika, ana jiko lake na wanawe, lakini usiku wote wala sinia moja. Nikauliza mkuu wa kaya nani. Bibi akamtazama mkaza mwana, mkaza mwana akasema, "Andika mume wangu." Na sensa humhesabu mtu pale alipolala! Ikabidi niulize upya, hadi bibi akacheka, akakubali aandikwe yeye. Sasa, hiyo ni kaya moja au mbili?

Kujua jibu limetokana na nini, na hesabu ipi itapotoka ukiliandika ovyo, hiyo ndiyo sosholojia. Mombasa ilitoka na watu 1,208,333, na nyuma ya hesabu ya kaya zake kuna masinia na majiko ya namna ile.

Kazi hii ina wazee wake. W.E.B. Du Bois wa Marekani alipita mlango kwa mlango katika mtaa wa watu weusi mjini Philadelphia, kitabu kikatoka 1899. Miaka miwili kabla, Émile Durkheim wa Ufaransa alichukua kujiua, jambo tunalolidhania siri ya mtu na nafsi yake, akalinganisha takwimu za nchi na madhehebu, akaonyesha kuwa tofauti zake zahusiana na jinsi watu walivyoshikamana. Ami yako mtajie Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis: mwaka 1377 alishaandika juu ya asabiya, ule mshikamano unaoinua dola, na ukilegea dola huporomoka. Atanyamaza kidogo.

Kuhusu ajira, sikufichi: hutaona tangazo la "anatakiwa mwanasosholojia". Utawakuta kwenye miradi ya mashirika, ustawi wa jamii, afya, utafiti. Na kwa nionavyo, anayeitwa mapema ni ajuaye kutunga dodoso na kuchambua takwimu, si mwenye kukariri majina ya wanafikra.

Kwa hiyo tazama mpangilio wa kozi. Je, mna mbinu za utafiti na takwimu, na mwaka wa mwisho mnatumwa nyanjani? Vikiwapo, sosholojia iwe kuu na uchumi uifuate, maana hesabu zake zitakufaa. Ikiwa ni nadharia na insha tupu, uchumi utangulie. Mimi ningependa mradi wako uufanye huku: uwaulize madereva wa malori, mafundi wa gereji na akina mama wauzao chakula Changamwe maisha yao yamegeukaje tangu treni ya SGR ianze kubeba makontena mwaka 2018. Kila mtu mjini ana neno juu ya hilo, na wengi wasemao hawajamuuliza hata dereva mmoja.

Fomu usiitie sahihi kabla hujanitumia huo mpangilio. Nipigie baada ya Isha, ndipo huwa nimetulia.

Mamako