Sikukuu katika hoteli ya kasino: piga hesabu kabla hujafungua begi

Hoteli ya kasino huuza chumba kwa bei inayofuata meza za kamari zilizo chini yake. Katikati ya wiki isiyo na shughuli, chumba hutolewa kwa bei ya kutupa ili mgeni ashuke kucheza. Sikukuu ikifika, wachezaji huja wenyewe, na hoteli haina sababu ya kumbembeleza mtu. Ndiyo maana chumba kilekile huuzwa mara kadhaa ya bei yake ya kawaida usiku wa Mwaka Mpya, na ofa nono alizosimulia rafiki aliyekwenda siku za kawaida hutazikuta.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni tarehe. Sikukuu si siku moja, na siku zake hazilingani. Las Vegas, kwa mfano, siku chache kabla ya Krismasi huwa tulivu na vyumba hushuka bei, kisha kuanzia Krismasi yenyewe bei hupanda hadi kilele cha tarehe 31 Desemba. Anayefikiri atasubiri mwanzoni mwa Januari ili apate nafuu akumbuke kwamba maonyesho makubwa ya teknolojia ya CES hufanyika hukohuko wakati huo, na vyumba hukauka tena. Macau nako, Mwaka Mpya wa Kichina na wiki ya mapumziko inayoanza tarehe 1 Oktoba hujaza kila kitanda, kwa kuwa huko ndiko mahali pekee nchini China ambako kasino zinaruhusiwa. Fungua kalenda ya bei ya hoteli yenyewe, utazame siku kumi mfululizo, halafu uone kama kusogeza safari kwa siku mbili hakutakuokolea nusu ya gharama. Mara nyingi huokoa.

Soma pia masharti ya kughairi. Siku za kawaida unaweza kughairi saa 48 au 72 kabla bila kukatwa. Kwa usiku wa sikukuu hoteli nyingi hudai malipo yote mapema yasiyorudishwa, au hulazimisha kukaa angalau usiku mbili au tatu. Masharti hayo huandikwa chini ya bei kwa maandishi madogo, na ndiyo yenye uzito kuliko picha za bwawa la kuogelea.

Bei unayoiona na bei utakayolipa

Hoteli nyingi za kasino za Marekani hutoza ada ya lazima kila usiku juu ya bei ya chumba, kwa maelezo kwamba inalipia intaneti, mazoezi na bwawa. Unailipa hata kama hukugusa kimojawapo. Tangu tarehe 12 Mei 2025 sheria ya huko inazitaka hoteli zionyeshe bei kamili yenye ada zote za lazima tangu mwanzo, lakini kodi bado inaweza kuongezwa mwishoni. Piga hesabu hivi: chumba dola 120, ada dola 45, jumla 165. Weka kodi ya vyumba ya takriban asilimia 13, unafika dola 186. Usiku nne ni karibu dola 746, wakati kichwani ulikuwa umepanga 480. Maegesho ya gari mara nyingi yako nje ya hesabu hiyo.

Halafu kuna dhamana. Ukifika mapokezi, hoteli hushikilia fedha kwenye kadi yako kwa ajili ya gharama ndogondogo za chumbani. Kiwango kama dola 100 kwa usiku si cha ajabu, na usiku nne ni dola 400. Kwa kadi ya mkopo, kinachopungua ni nafasi yako ya kukopa tu. Kwa kadi ya benki ya kawaida, ni fedha zako halisi zinafungiwa, na zikishaachiliwa na hoteli huchukua siku kadhaa za kazi kurudi. Hapo ndipo sikukuu inapoumiza: tarehe 25, 26 na 1 benki nyingi zimefungwa, wikiendi nayo haihesabiwi, na mtu anajikuta anarudi nyumbani akiwa na akaunti tupu ingawa hadaiwi kitu. Toa kadi ya mkopo mapokezi. Kama huna, piga simu kabla ya safari uulize kiasi cha dhamana kwa usiku, na kama wanapokea taslimu.

Chumba

Omba chumba kwa maneno mahususi. Ukisema "chumba kizuri" hujaomba kitu. Sema: ghorofa ya juu, mbali na lifti, kisicho na mlango wa kuunganisha na chumba cha jirani, na kisicho juu ya klabu ya usiku wala bwawa lenye muziki. Mlango wa kuunganisha hupitisha sauti kama pazia, na usiku wa sikukuu jirani hulala saa kumi na moja alfajiri. Kama moshi wa sigara unakusumbua, uliza kama jengo zima halina uvutaji au ni ghorofa yako tu, maana kumbi nyingi za kasino bado zinaruhusu sigara na moshi hupanda na lifti. Andika maombi haya kwenye barua pepe siku tatu au nne kabla, kisha uyarudie ukifika. Anayefika saa nne usiku tarehe 30 hupewa kilichobaki.

Ukiingia chumbani, itazame vizuri friji ndogo ya vinywaji kabla hujaigusa. Katika hoteli nyingi kubwa kila chupa imekaa kwenye tundu lake, na tundu lina kihisio. Ukiinua chupa, kihisio huanza kuhesabu, na zikipita sekunde chache kinywaji kinaingia kwenye bili hata kama umekirudisha mahali pake. Sinia la karanga na chokoleti juu ya meza hufanya kazi hiyohiyo kwa kupima uzito. Watoto hupenda sana kuzipanga upya zile chupa ndogo, na wazazi hulipia mchezo huo. Usisogeze kitu ili uweke maziwa ya mtoto au dawa yako. Piga simu mapokezi uombe friji tupu, na ukisema ni kwa ajili ya dawa, hoteli nyingi huileta bila malipo.

Jengo lenyewe limepangwa ili upite kasinoni. Kutoka lifti hadi mlango wa nje, hadi mgahawani, hadi kwenye teksi, njia pana hukatiza katikati ya mashine za kamari, na katika hoteli kubwa mwendo huo unaweza kuchukua dakika kumi hadi kumi na tano. Siku ya kwanza, ukiwa bado huna haraka, tafuta njia ya pembeni: lifti ya maegesho, korido ya ukumbi wa mikutano, mlango wa upande wa bwawa. Kwa aliye na watoto, au anayejua kwamba sauti za mashine zinamvuta, njia hiyo ina thamani kuliko kifungua kinywa cha bure.

Kuhusu watoto, umri wa kucheza ni miaka 21 sehemu nyingi za Marekani, Macau na Singapore, na 18 Uingereza na Monaco. Nevada, jimbo lenye Las Vegas, huruhusu mtoto kupita ukumbini akiwa na mtu mzima, lakini si kusimama. Mzazi akisimama dakika moja kwenye mashine na mtoto pembeni, mlinzi atafika. Kijana aliye chini ya umri akishinda, halipwi. Singapore ukumbi umefungwa kwa milango na kila anayeingia hukaguliwa: mgeni huonyesha pasipoti halisi, na raia au mkazi wa kudumu hulipa dola 150 za huko kwa saa 24. Picha ya pasipoti kwenye simu isikufariji, beba yenyewe.

Fedha ya kuchezea iwe na mfuko wake

Kama utacheza, gawanya fedha ukiwa bado nyumbani. Fedha ya chumba, chakula na usafiri ni fungu moja, lisiloguswa. Fedha ya kucheza ni fungu jingine, taslimu, katika bahasha moja kwa kila siku, na uione kama imeshatumika, kama ulivyolipia tiketi ya muziki. Bahasha ya leo ikiisha, ya kesho haifunguliwi. Kadi zibaki kwenye sefu ya chumbani unaposhuka. Mashine za ATM za ukumbini hukata ada kubwa, na kadi ya mkopo ikitumika pale huhesabiwa kama mkopo wa taslimu: riba huanza siku hiyohiyo.

Ujue mchezo unakula kwa kasi gani. Watu huogopa meza na kukimbilia mashine za senti moja wakidhani ndizo rahisi. Tazama kitufe: mashine ya senti moja yenye mistari mingi, kila mmoja ukilipiwa dau lake, inaweza kudai senti 60 kwa kila mzunguko. Mtu aliyezoea hubonyeza hata mara 600 kwa saa. Hizo ni dola 360 zimepita mashineni, na kama kasino inabakiza asilimia 10, wastani wa hasara ni dola 36 kwa saa. Sheria ya Nevada inataka mashine irudishe angalau asilimia 75 ya madau, hivyo asilimia 10 si makisio ya kutisha. Sasa linganisha na ruleti, mchezo wa gurudumu la namba linalozungushwa na mpira mdogo, yenye sufuri moja. Dau la dola 10, mizunguko 35 kwa saa, faida ya kasino asilimia 2.7: wastani wa hasara ni chini kidogo ya dola 9.50. Mashine ya "senti" imekula karibu mara nne.

Lakini hesabu sufuri kwenye gurudumu kabla ya kukaa. Sufuri mbili hupandisha faida ya kasino hadi asilimia 5.26, na zipo meza zenye sufuri tatu, ambako inafika 7.69. Kwenye mchezo wa karata wa 21, soma maandishi yaliyochapwa juu ya meza. Yakisema 3 kwa 2, dau la dola 20 likipata 21 ya karata mbili za kwanza hulipwa dola 30. Yakisema 6 kwa 5, hulipwa dola 24. Hizo dola 6 zinaonekana ndogo, ila huongeza faida ya kasino kwa takriban asilimia 1.4, na katika mchezo huo hilo ni pengo kubwa. Meza za 6 kwa 5 ndizo utakazozikuta kwa wingi, hasa zile za madau ya chini.

Sikukuu hupandisha pia dau la chini. Meza iliyokuwa ya dola 15 mchana huandikwa 25 au 50 jioni. Anayetaka dau dogo ashuke asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, ambapo wagawa karata wana muda hata wa kukueleza kanuni. Ukiwa tayari umekaa na kibao cha dau kikabadilishwa, muulize msimamizi kwa upole kama unaweza kuendelea na kiwango cha zamani. Mara nyingi hukubaliwa kwa muda.

Takrima za kasino, yaani chakula, vinywaji na vyumba vya "bure", zina fomula. Huchukuliwa dau lako la wastani, mikono (yaani raundi za karata) kwa saa, saa ulizocheza na faida ya kasino. Dola 25, mikono 70, saa nne, asilimia 1: hasara inayotarajiwa ni dola 70, na kasino hurudisha sehemu tu, pengine dola 14 hadi 28. Chukua kadi ya uanachama, ni bure, uitoe kabla ya dau la kwanza. Usicheze saa moja zaidi kwa ajili ya kupata chakula cha jioni.

Na hili tunalisema kwa moyo wote: kama wewe au mtu unayesafiri naye amewahi kupambana na kamari, usilale juu ya kasino wakati wa sikukuu. Upweke, pombe na likizo ndefu hukutana pale, na ukumbi haufungwi. Tafuta hoteli isiyo na kasino, hata kwa bei ya juu. Aliyeshafika akaona mambo yanamzidi anaweza kwenda mapokezi au kwa mlinzi na kuomba azuiwe kucheza. Kasino zilizosajiliwa katika nchi nyingi zina utaratibu huo.

Usiku wenyewe, na kuondoka

Tarehe 31 Desemba barabara kuu ya kasino za Las Vegas hufungwa kwa magari jioni, hivyo teksi haifiki mlangoni. Kula mapema, na tembea na kadi ya mlango, kwani walinzi huidai kwenye lifti. Ukishinda kiasi kikubwa, usipande nacho chumbani peke yako: omba hundi, au kiwekwe kwa keshia na upewe risiti, na mlinzi akusindikize. Karatasi za malipo zinazotoka mashineni zina tarehe ya mwisho, zibadilishe kabla ya kulala.

Bili itazame jioni ya kuamkia kuondoka, kwenye televisheni ya chumbani au programu ya hoteli. Ukikuta kinywaji ambacho hukunywa, shuka usiku huohuo ukamwone meneja wa zamu. Asubuhi ya tarehe 1, ikikaribia saa tano, foleni ya mapokezi huwa ndefu na hakuna mwenye muda wa kusikiliza habari za chupa moja ya maji. Omba bili iliyochapwa hata kama inaonyesha sifuri, na uihifadhi mpaka dhamana irudi kwenye kadi.