Mleta uzi, usitume hicho kiraka

Mkuu, usitume kitu. Unauliza kiraka (marekebisho ya kodi) cha GCC, ile kompaila ya C, kinatumwa wapi, kama lazima usaini karatasi za hakimiliki, na kama laptopu ya RAM GB 8 itaweza kuijenga kompaila. Mimi nimekwama kwenye sentensi yako moja tu: "kwa -O0 inafanya kazi, kwa -O2 inaharibika, kwa hiyo kompaila ina bagi." (-O0 ni kukompaili bila kuboresha kodi, -O2 ni kuiboresha iende kasi.) Hiyo "kwa hiyo" ilinila bando, usingizi na heshima.

Nilikuwa namwandikia programu ya mzani mama mmoja anayeuza dagaa pale mwaloni Kirumba. Mzani unatuma baiti nne, mimi nazipanga kwenye int (namba kamili), kisha nazisoma kama float (namba ya desimali) kwa ujanja wa pointa: *(float *)&biti. Kwa -O0, burudani. Kwa -O2 kioo kikawa kinaonyesha uzito wa gunia lililopita. Mama ananitazama, wachuuzi wananitazama, mimi natazama ziwa.

Sasa kuna bwana mmoja, anajiita mwalimu wa C, vijana wa Nyakato wanamwita profesa. Ndiye aliyenifundisha kuweka -w, swichi ya kuzima maonyo yote, "ili kuondoa makelele", na ndiye aliyeniapia kwamba -O2 ikiharibu, kompaila ndiyo mbovu. Makelele! Yale makelele yalikuwa onyo la strict-aliasing (kanuni ya kutosoma data ya aina moja kama ya aina nyingine) lenye namba ya mstari wangu! Nikikutana naye daladalani nashuka kituo kinachofuata.

Basi nikaishusha GCC na historia yake yote (hata --depth 1, ya kushusha toleo la mwisho tu, sikuijua, bando likalia). Nikaichokonoa sehemu ya kuboresha kodi hadi programu yangu ikatulia. Kujenga sasa: GCC kwa kawaida inajikompaili yenyewe mara tatu, halafu inalinganisha hatua ya pili na ya tatu. Hatua ya pili inakaribia kwisha, umeme ukakatika. Nikarudia. Nikatuma kiraka bila hata jaribio moja, na barua ndefu ya kuwafundisha kazi watu walioanza kuandika kompaila kabla sijazaliwa.

Jibu lilikuwa fupi: INVALID, yaani si bagi, tumia memcpy (kunakili baiti badala ya ujanja wa pointa). Wakanielekeza kwenye ukurasa wao wa bagi, ambapo suala langu limeorodheshwa kabisa kati ya mambo yasiyo bagi. Nilikuwa nalaumu mzani huku kidole kiko juu ya sahani.

Kwa hiyo kabla ya kuituhumu kompaila, ondoa -w. Weka -Wall -Wextra, maonyo yarudi. Kisha kompaili tena kwa -O2 -fno-strict-aliasing -fwrapv, hizo mbili za mwisho zinailegezea kodi yako kanuni ile ya aina za data na ile ya int kufurika. Tabia ya programu ikibadilika, karibu kila mara kosa ni lako, si la kompaila. Pitisha na -fsanitize=undefined pia, inayokagua makosa programu ikiwa inakimbia, ingawa haikamati kila kitu; ujanja wangu ule wa pointa ingeupita kimya. Vyote vikipita safi, hapo ndipo uanze kupunguza kodi kwa cvise, zana ya kuikata yenyewe, hadi ibaki mistari michache, uambatishe faili la .i (kodi yako ikiwa na kila #include imeshamwagwa ndani) linalotokana na -save-temps pamoja na matokeo ya gcc -v. Usiwatumie zipu ya mradi mzima, hakuna atakayeifungua.

Hakimiliki isikutishe, tangu 2021 mstari wa Signed-off-by, wa kuthibitisha una haki ya kuitoa kodi hiyo, unatosha. Hayo mengine baadaye.

Washa hizo swichi sasa hivi, ngosha, ubandike hapa kinachotoka. Chote, usikate hata onyo moja.