Kabla hujashika usukani na leseni yako ya kujifunzia

Mtihani wa nadharia niliufeli mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka 17, najiona najua kila kitu, na nilikuwa nimekariri maswali ya zamani niliyopewa na rafiki. Siku yenyewe maswali yakaja kivingine. Hawakuuliza alama inaitwaje, waliuliza ukiikuta utafanya nini. Nikabaki naitazama karatasi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usikariri majibu. Shika mantiki ya alama, kwa sababu ipo. Nchi nyingi zimefuata mkataba wa alama za barabarani wa Vienna wa mwaka 1968: pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya, duara lenye ukingo mwekundu linakukataza, duara la bluu linakuamuru. Alama ya kusimama ina pembe nane, umbo lake peke yake, ili uitambue hata ikijaa tope, hata ukiiona kwa mgongo ukajua kwamba anayetokea upande ule ndiye anayepaswa kusimama. Ukishalielewa hilo, kitabu kinakuwa chepesi.

Makaratasi hayana hadithi ndefu. Kitambulisho, picha, kupimwa macho, na kama hujafikia utu uzima, saini ya mzazi au mlezi. Soma masharti ya kwenu mapema. Na kama unavaa miwani, vaa. Kuna mwenzangu aliiacha nyumbani kwa aibu, herufi zikamshinda, akarudishwa.

Ukishaipata leseni ya kujifunzia, elewa umepewa nini: ruhusa ya kukosea ukiwa na mtu mwenye leseni kamili pembeni yako. Basi mchague vizuri huyo mtu. Mwalimu wangu wa kwanza wa kulipia alikuwa akitumia saa zangu kwenda kwenye shughuli zake, mimi namwendesha kama dereva wa kukodi, yeye yuko kwenye simu. Baba naye, Mungu ampe maisha marefu, alikuwa akikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia na kupiga kelele "breki! breki!" njia nzima. Tulirudi nyumbani hatusemeshani. Aliyenifundisha kuendesha ni mjomba, na hakuwahi kupandisha sauti.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye uwanja mtupu, tambarare, akanikataza kugusa pedali ya mafuta. Weka gia ya kwanza, akasema, achia klachi, ile pedali ya kushoto, taratibu, usikilize. Nikaachia. Kwanza kimya, halafu mlio wa injini ukashuka ukawa mzito, kiti kikatetemeka kidogo, gari likaanza kujivuta lenyewe. "Hapo ndipo inaposhika. Rudia." Nilirudia mpaka goti likauma. Gari lilizimika mara nyingi, likaruka kama chura mara nyingi zaidi, lakini nilipokuja kusimama mlimani na foleni nyuma yangu, mguu ulikuwa unajua la kufanya. Vaa viatu vya soli nyembamba, mguu usikie. Kandambili acha mlangoni.

Siku ya pili hata gari hatukuliwasha. Aliniambia nikae kwenye kiti cha dereva, nitazame kioo cha pembeni, yeye akashuka akaenda nyuma. "Ukiacha kuniona, sema." Akaanza kutembea kuja mbele sambamba na gari. Namwona, namwona, mara hayupo. Mtu mzima, shati jeupe, mchana kweupe, amepotea kwenye kioo na ubavuni bado hajatokea. Nikasema. Akajibu akiwa papo hapo, hatua chache kutoka begani kwangu: "Hapa ndipo pikipiki zinapokaa." Tangu siku hiyo sihami mstari bila kugeuza shingo, hata vioo vikiniambia kuko salama. Fanya zoezi hilo leo, halihitaji hata mafuta.

Kuhusu mwendo, nakuachia hesabu tu. Kwenye kilomita 50 kwa saa unakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukiinamisha macho kwenye simu sekunde 2, umepita mita 28 kama kipofu. Na ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kufunga breki mpaka gari lisimame hauongezeki mara mbili, unakuwa mara nne. Ndiyo maana ya kuacha nafasi: gari la mbele likipita nguzo, hesabu, na wewe usiifikie kabla ya sekunde 2. Mvua ikinyesha, hesabu 4.

Usisubiri upate leseni kamili ndipo uonje mvua na giza. Yaonje sasa, mwenye kukusaidia akiwepo. Usiku wangu wa kwanza gari lilikuja mbele yangu na taa kali, nikaziangalia, barabara yote ikafutika. "Tazama ukingo wa barabara upande wako, punguza mwendo, mwache apite," mjomba akasema. Akapita.

Alikuwa na tabia ya kuniuliza ghafla, kila baada ya dakika kadhaa: nyuma yako kuna nini? Ukiinua macho kwenye kioo kwanza ndipo ujibu, umechelewa. Usiku ule nilimwahi.

"Lori. Taa moja haiwaki."

Akageuka kuangalia, akarudi kukaa, akafungua dirisha kidogo.