Flashi haina virusi, mwanangu

SWALI: Shikamoo anko. Mwenzangu alikuja na flashi akaniwekea sinema inaitwa Scott Pilgrim vs. the World. Simu ikiita, maandishi yanaruka kwenye skrini. Mtu akipigwa anageuka sarafu. Nikamwambia flashi yako ina virusi, akacheka mpaka akapaliwa na chai. Eti ndiyo sinema ya mapenzi anayoipenda kuliko zote. Ni ya watoto, au mimi ndiye mshamba? Na kwa nini asinipeleke tu kupunga upepo Capri Point kama wanavyofanya wenzake?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Marahaba. Flashi ni nzima. Nimetafsiri sinema miaka mingi kwenye kibanda umiza pale Kirumba, maiki imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na hii ingenishinda. Ningesema nini wakati picha yenyewe inaropoka?

Ilianza kama katuni. Bryan Lee O'Malley, Mkanada, alichora vitabu sita kati ya 2004 na 2010. Mwingereza Edgar Wright akaitengeneza sinema, ikatoka Agosti 2010. Wengi wakichukua katuni hubeba hadithi wakaiacha michoro. Wright kabeba vyote. Kama uliwahi kushika gazeti la Sani la akina Lodilofa na Ndumilakuwili, unajua ngumi ya katuni haisikiki mpaka iandikwe. Basi humu inaandikwa. Kijana akienda kukojoa, kuna kipimo pembeni kinashuka taratibu mpaka kinaisha. (Mke wangu aliondoka sebuleni hapo hapo.) Zile sarafu ni za gemu: ukimmaliza adui, unaokota.

Hadithi yenyewe fupi. Scott, miaka 22, anapiga gitaa la besi, kampenda Ramona, na ili wawe pamoja lazima awatwange wapenzi saba wa zamani wa Ramona. Yote yanatokea Toronto, mji ulio kando ya ziwa kama Mwanza yetu. Sinema za watu huutumia kujifanya New York. Humu umeachwa uwe Toronto. Pambano moja liko kwenye jumba lao maarufu, Casa Loma. Ni kama umwone mtu anatupwa kutoka juu ya Jiwe la Bismarck pale ziwani huku abiria wa kivuko cha Kamanga wanashangaa.

Saba ni wengi, sikatai. Kufikia wa tano nilikuwa natafuta karanga. Majumba ya sinema nayo hayakujaa: iligharimu zaidi ya dola milioni 60, ikarudisha pungufu ya 50. Mashabiki wake walikuja baadaye, akina mwenzako hao wa flashi.

Lakini wewe mtazame Knives, binti wa miaka 17 ambaye Scott anatoka naye mwanzoni. Moyo wa Scott umeshahamia kwa Ramona, na Knives hajaambiwa. Anapotamka kwamba anapenda, neno lenyewe linamtoka mdomoni, la rangi, linaelea hewani kuelekea kwa Scott. Scott analipungia mkono lipotee, kama sisi tunavyofukuza wale wadudu wa ziwani jioni. Sekunde mbili tu. Hapo ndipo nilipoacha karanga.

Mwambie airudishe pale. Usiangalie skrini, mwangalie yeye. Akicheka, niandikie tena. Akinyamaza, Capri Point mtakwenda. Nauli ya bodaboda alipe yeye.